Mabanzi na vipande vifupi: kuni njema zinazoharibiwa na maji

Msafiri anayepita barabara kati ya Igowole na Nyololo, au anayekata njia kuelekea Kibao, haendi mbali kabla ya kuona lundo la mabaki ya mbao kando ya mashine ya kupasulia magogo. Katika lundo hilo kuna mabanzi yenye magome upande mmoja, ncha za mbao zisizofikia urefu wa mkono, vipande vyembamba upande mmoja na vinene upande mwingine, vifundo vya matawi vilivyoishinda misumeno, pamoja na unga wa mbao. Wakazi wa jirani huja na makapu na mikokoteni kuchukua sehemu ya mabaki hayo. Sehemu iliyobaki huozea pale pale, au huchomwa moto mashine inapohamia mahali pengine.

Wakati huohuo, zipo kaya zinazotembea mwendo mrefu kutafuta kuni ndefu zilizonyooka, au kuzinunua kwa bei inayopanda kila msimu wa mvua. Zinapoulizwa sababu ya kuyaacha mabanzi, nyingi hujibu kwamba yana moshi, hayakai vizuri jikoni, na huteketea kabla maharage hayajaiva. Malalamiko hayo yana ukweli ndani yake, lakini lawama imeelekezwa pasipohusika. Kipande kifupi au kilichopinda hakina upungufu wowote kwa sababu ya umbo lake. Kinachokiharibu ni maji yaliyomo ndani yake na namna kinavyopangwa jikoni, na yote mawili yamo katika uwezo wa mpishi.

Asili ya mabaki hayo

Wilaya ya Mufindi imebeba Shamba la Miti la Sao Hill, linalosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, ambalo ndilo kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya Serikali nchini. Pembeni yake yapo mashamba ya vijiji na ya watu binafsi, ambako msindano na mkaratusi hupandwa kama zao la biashara. Miti hiyo hupasuliwa katika viwanda vikubwa na katika mashine ndogo za kuhamahama ambazo wenyeji huziita dingdong.

Gogo ni la mviringo, na ubao una pembe nne. Ili kupata pembe hizo ni lazima pande za gogo zikatwe na kutupwa. Zikijumlishwa na unga unaotoka kila msumeno unapopita na ncha zinazokatwa ili kusawazisha urefu, karibu nusu ya gogo haiwi ubao. Katika mashine ndogo zenye misumeno minene, kinachopotea kinaweza kuzidi nusu. Kwa hiyo mabaki hayo hayatokani na uzembe wa mpasuaji, bali ni sehemu ya kazi yenyewe, na yataendelea kuwapo maadamu mbao zinapasuliwa wilayani.

Anayenunua kuni mbichi hununua maji

Mti uliokatwa leo hubeba maji mengi sana. Katika msindano mbichi, maji hufikia takriban nusu ya uzito wote. Maana yake ni kwamba kapu la mabanzi mabichi lenye kilo 20 lina kilo 10 tu za kuni, na kilo 10 zilizobaki ni maji, yaani lita 10.

Maji hayo hayana budi kutoka kabla kuni hazijawaka ipasavyo, na moto ndio unaolipia gharama ya kuyatoa. Kila mpishi anajua kuwa kufikisha sufuria ya maji kwenye mchemko ni kazi ndogo kuliko kuikausha kabisa. Kugeuza lita moja ya maji yanayochemka kuwa mvuke kunahitaji joto karibu mara 7 ya lile lililoyafikisha kwenye mchemko kutoka ubaridi wa kawaida. Hivyo, anayeweka kuni mbichi jikoni hukausha kwanza maji ya kuni, ndipo apike chakula kwa joto linalobaki.

Hasara ya pili ni kubwa zaidi. Kuni haiungui yote kama makaa. Inapopata joto hutoa kwanza hewa na mvuke wa utomvu, na hizo ndizo zinazowaka na kufanya mwali. Mvuke wa maji ukiupoza moto, hewa hizo hutoka bila kuwaka. Moshi mzito unaochoma macho, na masizi yanayogandamana juu ya dari na chini ya sufuria, ni kuni ambayo haikuungua. Kwa lugha nyingine, moshi ni fedha ya mwenye kaya inayopotelea hewani baada ya kupitia mapafuni.

Kuni zilizoanikwa vizuri hushuka hadi kiwango ambacho maji ni sehemu moja ya tano ya uzito, au chini ya hapo. Kapu lile lile la kilo 20 huwa na uzito wa takriban kilo 12 na nusu. Jepesi hilo ndilo litakaloivisha maharage.

Faida ya ufupi

Katika kukauka, kipande kifupi humshinda mrefu. Ndani ya mti kuna mirija inayopandisha maji kutoka mizizini, nayo hufuata urefu wa shina. Maji hutoka kwa wepesi zaidi kupitia ncha zilizokatwa kuliko kupitia ubavuni, na magome huyazuia zaidi. Gogo la urefu wa mita moja na nusu lina ncha mbili tu zilizo mbali na kiini chake. Ncha ya ubao yenye urefu wa shibiri moja iko karibu na hewa kila upande.

Hali ni hiyo hiyo katika kuwaka. Tofali la mti lenye sentimeta 10 kila upande lina eneo la sentimeta za mraba 600 linaloguswa na hewa. Likikatwa kuwa vipande 8 vya sentimeta 5, eneo hilo huwa sentimeta za mraba 1,200, ilhali mti haukuongezeka hata gramu moja. Ndiyo maana vipande vidogo hushika moto upesi na kutoa joto kali. Ndiyo maana pia huisha upesi mpishi anapovirundika vyote kwa mkupuo.

Kuanika vipande visivyopangika

Kuni ndefu hupangwa zikasimama zenyewe. Vipande vifupi huporomoka, na watu wengi huvimwaga chini kama lundo la mchanga. Lundo la namna hiyo hukauka juu tu, huku ndani likiota ukungu na sehemu inayogusa ardhi ikinyonya unyevu. Njia zifuatazo hazihitaji gharama kubwa.

Kwanza, vipande viinuliwe kutoka ardhini. Mawe manne na fito kadhaa zilizolazwa juu yake hutosha kufanya kichanja kinachopitisha hewa kwa chini. Pili, vitiwe katika chombo chenye matundu. Tenga la kuvunia, au kiroba cha wavu kilichobebea viazi au vitunguu, hushika vipande bila kuzuia upepo. Kiroba cha plastiki kisicho na matundu hakifai, kwa kuwa mvuke hugeuka maji tena ndani yake. Tatu, juu pawekwe bati au turubai la kuzuia mvua, na pande ziachwe wazi. Kuni iliyofunikwa gubigubi haikauki. Nne, mabanzi mapana yapasuliwe kwa urefu na magome yaliyolegea yabanduliwe, kwani gome hushika maji na mchanga.

Majira nayo yana nafasi yake. Wilayani Mufindi mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Kaya inayoanza kuanika mwezi Mei hupata miezi ya kiangazi yenye upepo mkavu, na huingia katika mvua za Novemba ikiwa na akiba. Kaya inayosubiri hadi mvua zianze hulazimika kununua kuni, na mara nyingi hununua mbichi.

Kutambua kuni iliyokauka si jambo la kubahatisha. Kipande kikavu huwa na nyufa katika ncha zake, na vipande viwili vikigonganishwa hutoa mlio mkali ulio wazi, si mlio mzito uliofifia. Mwenye mizani anaweza kupima kiroba kimoja kila wiki na kuandika uzito wake. Maadamu uzito unashuka, maji bado yanatoka. Uzito ukisimama kwa wiki mbili au tatu za jua, kuni iko tayari.

Kupanga moto

Moto wa vipande huharibika kwa njia mbili zinazopingana. Vikishindiliwa mno, hewa hukosa pa kupita na jiko hufuka moshi. Vikiwekwa vingi vikiwa vikavu na vyenye nafasi, vyote huwaka kwa pamoja, mwali hupita pembeni mwa sufuria, na baada ya muda mfupi hubaki makaa machache. Dawa ya hali zote mbili ni kutenganisha vipande kabla ya kuwasha.

Mafungu matatu yanatosha. Fungu la kwanza ni vijiti na maranda ya kuwashia. Fungu la pili ni vipande vyenye unene wa vidole viwili au vitatu, navyo ndivyo vya kupikia. Fungu la tatu ni vifundo, vishina na vipande vinene vilivyopinda. Hivi vya mwisho ndivyo vinavyodharauliwa zaidi, lakini kifundo cha msindano ni kigumu na kimejaa utomvu, hivyo huwaka kwa muda mrefu. Kiwekwe kimoja tu, moto ukiwa umekwisha kushika, chakula kinapohitaji joto la muda mrefu. Kikitangulizwa katika moto mchanga hutoa moshi mweusi.

Katika jiko banifu lenye mdomo mmoja, kuni hulala juu ya kibao cha chuma au cha udongo, na hewa hupita chini yake. Nafasi hiyo ya chini isizibwe kwa kuni wala majivu. Vipande vifupi viingizwe vichache vichache, vikiwa vimelala sambamba kuelekea ndani, na kipande kimoja kirefu kitumike kuvisukuma, ili mkono usikaribie moto. Jiko linalotoa moshi kwa mdomoni limejazwa kupita kiasi, na tiba yake ni kupunguza kuni badala ya kupuliza.

Kwenye mafiga, vipande vifupi huangukia majivuni na kuzimika. Kaya inayotumia mafiga inaweza kulaza kipande cha wavu wa chuma kizito juu ya mawe madogo katikati, ili vipande vikae juu na hewa ipite chini. Majivu yazolewe kila siku yakiwa yamepoa.

Jiko la unga wa mbao

Unga wa mbao haufai kutupwa juu ya moto kwa konzi. Ukiwa mkavu hulipuka mwali ghafla na unaweza kuunguza uso wa mpishi, na ukiwa mbichi huuzima moto. Upo utaratibu wa siku nyingi wa kuutumia kwa usalama.

Debe tupu la bati hutobolewa tundu la upana wa vidole vitatu ubavuni, karibu na kitako. Mti laini wa mviringo hupitishwa katika tundu hilo hadi katikati, na chupa husimamishwa wima juu ya ncha yake. Unga mkavu humwagwa kwa tabaka na kushindiliwa kwa nguvu hadi debe lijae. Kisha chupa huzungushwa polepole na kutolewa, na mti huvutwa nje. Hubaki njia ya hewa inayoingia ubavuni na kupanda katikati. Moto huwashwa kwa kijiti kupitia tundu la chini, na sufuria huwekwa juu ya vyuma au mawe madogo ili mwali upate upenyo. Jiko hilo huungua taratibu kwa saa kadhaa bila kuchochewa, mradi unga ulishindiliwa vya kutosha. Litumike nje au mahali penye hewa ya kutosha.

Vipande visivyopaswa kuingia jikoni

Wilaya hii na jirani zake zina viwanda vya kutibu nguzo za umeme ili zisiliwe na mchwa wala kuoza. Dawa itumikayo kwa kawaida ni mchanganyiko wa shaba, kromiamu na arseniki, na arseniki ni sumu. Mti uliotibiwa kwa dawa hiyo mara nyingi huwa na rangi ya kijani iliyofifia. Nguzo nyingine hutiwa dawa nyeusi yenye mafuta na harufu inayofanana na lami.

Moto hauiangamizi arseniki. Sehemu yake hupanda na moshi, na sehemu kubwa hubaki katika majivu. Jambo hili linahitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu majivu hayatupwi katika nyumba nyingi. Husugulia masufuria, huchanganywa na maharage au mahindi ili yasibunguliwe, na humwagwa kwenye bustani za mboga. Kipande kimoja cha nguzo kinaweza kuingiza sumu katika chakula kwa njia ambayo hakuna atakayeitambua kwa macho, harufu wala ladha.

Kwa hiyo vipande vya nguzo, mbao zilizopakwa rangi au vanishi, pamoja na mbao za kubandikwa kwa gundi visichomwe jikoni, wala katika tanuri la mkate, wala kwa kuota moto. Anayenunua mabaki aulize yametoka wapi. Yakitoka kwenye mashine inayopasua magogo mabichi, hayana dawa. Yakitoka katika uwanja wa nguzo au kwenye jengo lililobomolewa, na asili yake haijulikani, yaachwe.

Moshi, baridi na moto wa msituni

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani, na zaidi ya 237,000 kati ya hivyo vilikuwa vya watoto wenye umri chini ya miaka 5. Anayekaa karibu na jiko muda mrefu zaidi ni mama, pamoja na mtoto aliye mgongoni mwake. Kuni kavu hupunguza moshi, lakini haiuondoi. Dirisha lililo wazi, upenyo kati ya ukuta na paa, au bomba la moshi lililojengwa vizuri ni sehemu ya jiko kama yalivyo mafiga.

Miezi ya Juni hadi Agosti huja na baridi kali, na wapo wanaoingiza jiko la makaa chumbani ili kupata joto usiku. Makaa yasiyotoa moshi hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo humuua mtu akiwa usingizini. Jiko la aina yoyote litolewe nje kabla ya watu kulala.

Kiangazi hicho hicho ni msimu wa moto wa misitu. Akiba ya kuni kavu iwekwe mbali na ukuta wa jiko, na majivu yasimwagwe nje kabla ya kuzimwa kwa maji. Kaa moja lililofichika majivuni linaweza kuteketeza shamba la miti lililotunzwa kwa miaka mingi. Ukitokea moto, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114.

Mahali pa mabanzi katika safari ya nishati safi

Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, umeweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi. Mabanzi hayachukui nafasi ya lengo hilo. Kaya yenye uwezo wa kutumia gesi au umeme kwa chai ya asubuhi na mboga za haraka inapata nafuu ya afya ambayo kuni, hata ikauke vipi, haiwezi kuifikia.

Hata hivyo, chakula cha leo kitapikwa leo, na katika nyumba nyingi za vijijini kitapikwa kwa kuni. Kila kapu la mabaki lililokauka na kutumiwa vizuri hupunguza safari ya kwenda kukata mti uliosimama, na huokoa macho na kifua cha anayepika. Anayetaka kuchukua mabaki ndani ya shamba la Serikali afuate utaratibu wa uongozi wa shamba hilo, na anayechukua kwenye mashine binafsi apate ridhaa ya mwenyewe.

Mkazi anayehitaji ushauri kuhusu ujenzi wa jiko banifu, au mwenye shaka juu ya mabaki yanayouzwa kijijini kwake, afike katika ofisi ya Mtendaji wa Kata, ambako ataelekezwa kwa ofisa anayehusika na afya, misitu au maendeleo ya jamii. Akija kuuliza kuhusu mabaki, abebe kipande kimoja mkononi, kwa kuwa rangi na harufu yake ndizo zitakazoangaliwa kwanza.